Doa la Kahawia Kwenye Tumbo la Meduze

Jumapili, siku ya pili ya Idi. Buyenzi, mvua.

Mvua imeanza kabla ya adhuhuri na haionyeshi dalili ya kuchoka. Magereji ya mtaa wetu yamefungwa kwa sikukuu, hakuna anayegonga bati wala anayejaribu injini, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ianze nasikia hata saa ya ukutani ya Mama. Ni hali ya hewa ya kulala. Mimi nimekaa kitandani, gauni la Idi bado liko mwilini, kompyuta iko mapajani, na najichukia kidogo.

Kidogo nimesema kwa adabu tu. Najichukia sana.

Mliozoea blogu hii mnajua huwa naandika mambo ya labo kwa mzaha, nawasema maprofesa, nalalamikia umeme, tunacheka, yanaisha. Leo naandika kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nikilala nalo kesho nitaamka nimeshalizoea. Najijua. Nina kipaji cha kuyazoea mambo yanayonifaa.

Nianze na mnyama, maana bila yeye hamtaelewa ubaya wangu.

Nasomea masta ya biolojia ya maji. Mwaka huu wote nimekuwa nikimchungulia mnyama mmoja wa Ziwa Tanganyika ambaye watu wengi wa mji huu wameoga naye bila kumjua. Wafaransa wanamwita meduze na sisi labo tunamwita hivyo hivyo. Watu wa pwani wana yavuyavu wao wa baharini, wale wakubwa wanaomchoma mtu mpaka akalia. Wetu hana neno na binadamu. Ni mdogo kama sarafu, mwili wake unapenya mwanga kama kioo, umbo lake ni la mwavuli, na ukingoni mwa mwavuli huo ana minyiri, nyuzi nyembamba zilizojaa visindano vya sumu visivyoonekana kwa macho. Visindano hivyo kazi yake ni kuvichoma vidudu vya majini vilivyo vidogo kama nukta. Ndivyo anavyokula.

Swali letu lilikuwa dogo, na labda ndiyo maana lilitutia wazimu. Kile kidudu kinafikaje kwenye mnyiri? Meduze haoni vizuri, hana mbio, hawezi kumfukuza mtu. Kidudu nacho si mjinga. Kina vinywele vinavyosikia maji yakitikisika, na yakitikisika kidogo tu kinaruka kama kiroboto na kupotea. Sasa meduze ili aende popote lazima aufunge na kuufungua mwavuli wake, na kila akifunga na kufungua anayatikisa maji. Ni kama mtu anayekwenda kukamata kuku huku akipiga debe. Na bado anashiba.

Mwenzangu wa labo, Révérien, ametokea fizikia. Yeye alikuja na hesabu. Alisema kwa kiumbe mdogo kiasi kile maji si maji tunayoyajua sisi, ni mazito kama uji, hayachezi ovyo. Meduze anapoufungua mwavuli, maji yanaingia chini yake yakizunguka polepole kama gurudumu, na gurudumu hilo linakichukua kidudu kwa upole mno, vinywele vyake visisikie kitu, mpaka linakikabidhi kwenye mnyiri. Kwa Révérien, maji yenyewe ndiyo yanayoleta chakula.

Mimi nilikataa. Nilisema kidudu kinasikia na kinakimbia, na kwamba meduze anakula pale tu anapoacha kupiga mwavuli, akajiachia azame taratibu, minyiri imetandazwa, kimya. Tulibishana tangu msimu wa kiangazi. Tulibishana labo, tulibishana njiani, tulibishana hata siku ile tulipokwenda ufukwe wa Kajaga kuwachota meduze, yeye akiwa ndani ya maji hadi kifuani na ndoo mkononi, mimi nikiwa nchi kavu nimeshika viatu vyake na kumpigia kelele kuhusu minyiri. Wavuvi walidhani ni ugomvi wa mke na mume. Mmoja alimwambia aniombe tu msamaha, yaishe.

Hakukuwa na cha kuomba msamaha siku hiyo. Tulikuwa marafiki.

Kisha ikaja habari ya staji ya mafunzo. Kuna nafasi moja, mtu mmoja, kwenda nje katika labo yenye kamera ambazo sisi huku tunazisoma tu. Profesa Godeliève, anayetusimamia sote wawili, alisema waziwazi: tupige filamu ya meduze akila, na yule ambaye wazo lake litasimama ndiye atakayekwenda kulimalizia huko. Kesho asubuhi anatuma jina.

Jina atakalotuma ni langu.

Labo umeme ulikuwa unakuja unapotaka, na maji yakipata joto meduze wanayeyuka kama sukari, nasema kweli, asubuhi unakuta hakuna mtu. Kwa hiyo nikawaleta nyumbani. Chumba cha nyuma cha Mama, kile cha kuwekea mitungi, kina baridi kuliko vyumba vingine. Nikaweka chupa kubwa ya kioo, taa ya betri ya gari, simu yenye lenzi. Ramadhani ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa napiga filamu asubuhi kabla bati la nyumba halijachemka.

Hapa kuna jambo moja la kitaalamu na naomba mlishike, maana ndilo lililoniua. Meduze aliyeshiba hachomi. Tumbo lake likijaa, kidudu kinaweza kuugusa mnyiri, kikauegemea, kikateremka nao, na visindano vikabaki vimelala. Kwa hiyo ili ujue kama maji yanaleta chakula au hayaleti, lazima meduze awe na njaa. Nilikuwa nawapa chakula mara moja moja kwa vipimo, na jana yake kabla ya kila filamu hawakupaswa kula chochote. Nilimweleza Révérien hayo kwenye simu, kwa sauti, nikiwa uani: wanashinda na njaa, usihofu, wanashinda na njaa mpaka asubuhi.

Mama alikuwa uani pia, anachambua mchele.

Filamu zikatoka. Meduze anapiga mwavuli, gurudumu la maji linazunguka kama Révérien alivyochora, na vidudu vinapita karibu na minyiri na kuondoka vizima. Siku baada ya siku. Nilikata vipande, nikachagua vizuri, nikavionyesha kwenye mkutano wa idara wiki iliyopita. Nikasema: mnaona, vinasikia, vinatoroka, maji hayaleti kitu. Profesa aliiangalia skrini muda mrefu kisha akamgeukia Révérien akamwambia hesabu zake ni safi sana, tatizo ni kwamba ziwa halijazisoma. Chumba kizima kikacheka.

Na mimi nilicheka. Nilicheka na nikamwona akiangalia viatu vyake.

Sasa leo.

Siku ya pili ya Idi kwetu ni ya wageni. Mama anapika pilau ya kutosha mtaa, na hamwachi mtu anayepita mlangoni bila kumwita. Révérien ni Mkatoliki wa Kigobe, lakini tangu tuanze masta hajawahi kukosa Idi ya kwetu, na Mama anamhesabu kama mtoto aliyemzaa kwa bahati mbaya kanisani. Nilidhani mwaka huu hatakuja. Nikiwa mkweli, nilitumaini hatakuja. Alikuja katikati ya mvua na kreti ya soda begani, na chini ya kwapa mfuko wa plastiki.

Kwenye mfuko kulikuwa na koti. Koti zito la baridi, la mtumba lakini zuri, la kijivu, lenye kofia. Alilinunua mwezi uliopita akidhani ni yeye atakayekwenda.

«Huko iko baridi,» alisema. «Mi hapa Buja nitalifanyia nini? Chukua. Na félicitations, Zuhura. Mi nilikosea, bon, inatokea.»

Alisema hivyo mbele ya Mama, hana kinyongo hata chembe, akanisaidia kulivaa nijaribu. Mikono ilinipita kidogo. Mama akasema nimependeza kama waziri. Nilifurahi, nakiri. Kwa dakika chache pale sebuleni nilikuwa mtu mwenye furaha na dhamiri safi, kwa sababu nilikuwa nimeshajieleza kila kitu vizuri kichwani.

Kisha Mama akaniita jikoni nimsaidie kupakua.

Alikuwa anafunua sufuria, mgongo umenigeukia, na akaongea kama mtu anayeulizia majirani waliohama. «Wale wageni wako wa mu chupa, uliwarudisha mu ziwa?»

Nikasema ndiyo, tuliwarudisha.

«Nimewakosa,» akasema. «Nilikuwa nimewazoea. We ukienda kuswali magharibi, mi nafuturu nao.»

Nikamuuliza anafuturu nao vipi. Akageuka akiwa na mwiko mkononi, akiniangalia kama mtoto asiyeelewa jambo jepesi.

«Ulisema wanashinda na njaa, si ndiyo? Basi wanafunga na sisi. Mutu akifunga mu nyumba yangu, magharibi atafuturu. Nilikuwa natwanga ndagala kidogo, nachuja na kitambaa, nawatilia. Kidogo tu, apana nyingi. Wanakula, Zuhura. Mi niliona na macho yangu. Inashuka mu katikati, inakuwa doa ya kahawia.»

Kila magharibi. Mama yangu hatii tende mdomoni kabla hajampa paka, hajawamwagia kuku wa jirani, hajauliza kama mlinzi wa gereji ya mbele amepata kitu. Katika nyumba hii hakuna kiumbe anayeangalia wengine wakila. Tumelelewa hivyo, na ningefikiri kidogo tu ningejua kwamba kumwambia Mama kuna kiumbe anashinda na njaa chumbani kwake, mwezi wa Ramadhani, ni sawa na kumwambia nimemfungia mtu nje kwenye mvua.

Nilisimama pale na sahani mkononi. Nilielewa kila kitu mara moja. Meduze wangu walikuwa wameshiba. Asubuhi zote zile, walikuwa wameshiba ndagala, vidagaa vya ziwani.

Maana yake Révérien hakukosea. Maji yalileta vidudu. Yalivileta mpaka kwenye minyiri, kama alivyosema, na minyiri haikuchoma kwa sababu wenyewe walikuwa wamelala matumbo yamejaa.

Nikarudi sebuleni. Nikampakulia Révérien pilau. Nikamwekea nyama nyingi, zaidi ya kawaida, mpaka akanitania kwamba nataka anenepe ili nikirudi nisimtambue. Nikacheka. Nikamwekea na kachumbari.

Alipomaliza, akaaga.

Kwetu mgeni haachwi kuondoka peke yake, unamsindikiza. Mvua ilikuwa imepungua, nikachukua mwavuli wa Mama, tukatembea pamoja hadi barabara kubwa anapopandia basi la kwenda kwao. Tulipita maduka ya spea yaliyofungwa, tukaruka madimbwi, tukawasalimia wazee waliokaa barazani na kanzu zao. Njia ile si fupi. Kila kona nilijiambia tukifika pale nitasema. Tukifika pale naona watu. Tukifika kule naona mvua imezidi. Yeye alikuwa ananieleza jinsi atakavyotafuta kazi ya kufundisha hesabu sekondari, kwamba labda ni afadhali, kwamba utafiti si wa kila mtu.

«Una kimya leo,» akaniambia.

Nikasema nimeshiba.

Ndilo jibu nililompa. Akapanda basi, akanipungia mkono dirishani, na mimi nikarudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu aliyeiba.

Hapo mngeweza kunionea huruma. Mngesema, maskini, hakujua, mama yake ndiye aliyelisha, na leo ameshtuka tu, atasema. Mimi pia nilikuwa nataka kujionea huruma hiyo. Nimeingia chumbani, nimefungua kompyuta, nimezitazama filamu upya tangu ya kwanza, na sasa niandike lile nililokaa hapa kuliandika.

Niliona.

Doa la kahawia liko katikati ya mwavuli katika kila filamu. Mnyama mzima ni kioo, unaona mpaka upande wa pili, na katikati kuna doa kama tone la chai. Asubuhi ya kwanza nililiona nikasogeza taa. Nikasema ni kivuli. Asubuhi ya pili nikasema ni uchafu wa lenzi, na sikuifuta lenzi. Maji yalikuwa yananuka samaki kidogo, nikasema ni maji ya ziwa, yanuke nini? Mimi ni mwanafunzi wa biolojia. Ninajua tumbo la meduze liko wapi na najua linavyoonekana likiwa na kitu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniletea picha ile ningemwuliza swali moja tu: huyu amekula nini?

Sikujiuliza kwa sababu sikutaka jibu. Vidudu vilikuwa vinaondoka vizima, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka.

Na kuna zaidi. Ukiziangalia zile filamu polepole, unaona kidudu kinaugusa mnyiri. Kinaugusa, kinateleza juu yake, ndipo kinakwenda zake. Mara moja moja kimoja kinaruka kweli kabla ya kufika. Vile vinavyoruka ndivyo nilivyovikata na kupeleka mkutanoni. Vile vinavyogusa nimeviacha nyumbani. Nilijiambia picha zake hazikuwa safi.

Kwa nini? Nimekaa najiuliza na jibu ni la aibu kwa udogo wake. Tangu mwaka wa kwanza, kukiwa na swali gumu Profesa anasema, «Révérien, unaonaje?» Kisha ndipo ananiangalia mimi. Hanichukii, ananipenda hata. Ni mazoea yake tu. Na Révérien hata hajawahi kugundua, yeye anajibu kwa upole wake, anamalizia kwa kusema labda Zuhura ana wazo. Nilikuwa nachoka na upole ule. Nilitaka siku moja akosee mbele ya watu wote, kwa sauti, na mimi niwe ndiye niliyekuwa sahihi. Kijicho, basi. Hakina jina jingine.

Nimefunga mwezi mzima. Nimeacha kula, nimeacha kunywa, nimesimama tarawehe miguu ikiuma, na hapo hapo kila asubuhi nilikuwa naingia chumba cha nyuma kujidanganya na taa ya betri ya gari. Astaghfirullah.

Nimefikiria pia njia ya kutokea, msidhani sikufikiria. Njia ilikuwa nzuri. Hakuna anayejua. Mama hajui maana ya alichofanya, meduze wako ziwani, Profesa ameridhika, Révérien amekubali mwenyewe na koti kanipa. Naweza kwenda, nikifika huko nirudie jaribio na wanyama wenye njaa kweli, na nikikuta Révérien alikuwa sahihi, niandike hivyo, nimtaje, nimshukuru. Ukweli utakuwa umetoka. Ila utakuwa umetoka mimi nikiwa nimeshavaa koti lake.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hata nilianza kuiandika kichwani ile sentensi ya shukrani.

Kikwazo kingine ni Mama. Nikisema, watauliza nani aliwalisha, na mwisho wake habari itamrudia. Nitamwambiaje kwamba ndagala zake ndizo zilizomfanya Révérien achekwe mkutanoni? Atakwenda Kigobe kwa miguu kuomba radhi, namfahamu, atabeba na sahani. Na Ramadhani ijayo atakuwa anaogopa kumpa hata paka. Nilianza kujiambia kwamba nanyamaza kwa ajili yake, na nilipojisikia nikisema hivyo nilijikatiza. Mama hakunituma nidanganye.

Na kweli, kosa la Mama ni la upishi. Angeniambia siku ya pili, tungecheka, tungewanyima chakula, tungeanza upya. Aliyeliona doa na akanyamaza ni mimi.

Basi alasiri, kabla sijabadili mawazo, nimeacha kuandika hapa kwanza, nimemwandikia Profesa. Nimefuta mara nyingi. Nilikuwa naanza kila mara na maelezo marefu ya hali ya joto na umeme, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwishowe nimeandika hivi:

«Profesa, samahani kukusumbua Jumapili. Meduze wa filamu zangu walikuwa wamekula. Chakula kiliingia kwenye chupa hapa nyumbani bila mimi kukiweka, lakini doa la tumboni nililiona tangu asubuhi ya kwanza na sikusema. Tena filamu nzima zinaonyesha vidudu vinagusa minyiri. Nilikuonyesha vipande nilivyochagua. Révérien hakukosea kuhusu maji. Tafadhali usitume jina langu.»

Nikabonyeza kutuma, nikaigeuza simu kifudifudi, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mama ameniuliza kama naumwa. Nimesema ni uchovu wa sikukuu. Jibu la Profesa lilikuja wakati nafuta sahani: «Nimesoma. Kesho asubuhi na mapema mje wote wawili, na filamu zote. Zote, Zuhura.»

Hakuandika zaidi. Hilo «zote» la pili nimelisoma mara kadhaa na kila mara uso umenichoma.

Ikabaki kumpigia Révérien. Nilijua lazima asikie kwangu kabla ya kesho, kabla hajaingia mle ndani na kukuta watu wanamwangalia. Nimempigia nikiwa chumba cha nyuma, mlango nimeurudishia, kati ya mitungi.

Nimeanza na Mama. Hata hapo nilianza na Mama, kwa sababu ni sehemu rahisi. Nilimweleza futari, ndagala, kitambaa cha kuchujia, mutu akifunga mu nyumba yangu. Akaanza kucheka. Amecheka mpaka akakohoa, mpaka nikasikia mtu wa kwao anamwuliza kuna nini. Alikuwa anarudia, «Walikuwa wanafuturu! Zuhura, walikuwa wanafuturu!» Nami nikacheka, sikuweza kujizuia, na kwa muda mfupi tulikuwa kama siku ile ya Kajaga. Akasema kwa hiyo gurudumu linafanya kazi. Nikasema linafanya kazi, nimeangalia tena, vidudu vinafika kabisa. Akavuta pumzi, nikasikia furaha yake, furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakizika.

Kisha akawa anafikiri. Nilimsikia akifikiri.

«Lakini ndagala si inaonekana?» akauliza. «Meduze ni kioo. Si ingeonekana mu tumbo?»

«Inaonekana,» nikasema.

«Na we uliona?»

Pale ningeweza kusema sikuona. Profesa alikuwa na ujumbe wangu, kesho Révérien angejua, lakini kwa usiku mmoja tu angebaki kuwa rafiki yangu. Nilitamani huo usiku mmoja, sifichi.

Nikasema niliona. Nikasema tangu asubuhi ya kwanza.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Mvua ilikuwa inagonga bati la chumba kile na mimi nimeibana simu sikioni nisikie kama bado yupo.

«Mama usimwambie kitu,» akasema. «Alifanya vizuri. Na mi, usinipigie tena leo.»

Akakata.

Mama ananiita sasa hivi, wageni wengine wamefika, wanataka kumwona binti anayekwenda ng'ambo. Nitatoka niwasalimie na niwaambie siendi, na wakiniuliza sababu nitasema kuna mwenzangu anayestahili kuliko mimi. Watanisifu kwa hilo, najua, watasema nina moyo mzuri, na itanibidi nikae pale nisikilize. Kesho labo nitafika kabla ya Révérien. Nitamsalimia mimi kwanza. Asipoitikia, sitamwuliza kwa nini.